Rimoti ya Baridi Katika Jua la Kibarani

Huenda wewe au jirani yako mmenunua gari la haibridi kutoka Japani, yaani lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Lilishushwa melini katika bandari ya Kilindini, likakaa katika yadi kwa siku kadhaa, kisha likatolewa na kupita Kibarani kuelekea kisiwani au kuelekea bara. Ulipokuwa ukilipekua ndani ulikuta, kwenye kisanduku cha dashibodi, kidude cheusi chenye maandishi ya Kijapani na kitufe kimoja au viwili. Watoto wakakifanya mchezo. Muuzaji naye, ulipomuuliza, akakwambia ati ni alamu iliyokwisha kufa zamani.

Mara nyingi kidude hicho si alamu hata kidogo. Ni rimoti ya kuwashia gari ukiwa mbali nalo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akiibonyeza akiwa jikoni kwake, anakunywa chai, huku nje theluji imelifunika gari lake hadi juu ya matairi. Gari likajiwasha, likapasha maji ya injini, maji yakapasha hewa ya ndani, na hewa ikayeyusha barafu kwenye kioo cha mbele. Alipotoka na watoto wake wa shule alikuta viti vina joto na kioo kinaonyesha njia.

Usimcheke. Kaskazini mwa Japani, katika kisiwa cha Hokkaido, wakati wa baridi si mchezo. Katika mji wa Asahikawa kiliwahi kupimwa kipimo cha nyuzi 41 chini ya sifuri, mwezi wa Januari mwaka 1902, na rekodi hiyo ya baridi haijavunjwa nchini humo. Na wale ndugu zetu waliohamia Kanada watakueleza jambo la ajabu zaidi: katika miji kama Winnipeg na Edmonton, mahali pa kuegesha magari pana soketi za umeme. Mtu akifika kazini huchomeka waya wa gari lake kama anavyochomeka pasi nyumbani, na kipashio kidogo ndani ya injini huizuia isigande mpaka jioni.

Hata wenyewe waliounda haibridi walilifikiria jambo hili. Gari la Toyota Prius, ambalo lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997 na kuwa haibridi ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, lilipofika toleo lake la pili mwaka 2003 lilipewa kitu ambacho kila mama wa Mombasa anakijua vyema: chupa ya chai. Ndiyo, themosi! Katika Prius za toleo hilo zilizouzwa Amerika Kaskazini kuliwekwa chupa yenye kuta mbili iliyohifadhi maji ya moto ya rejeta, lita 3 hivi, yakabaki na joto hata kwa siku 3. Ukiwasha gari asubuhi, pampu ndogo huyasukuma maji yale kwenye injini kabla haijaanza kunguruma. Toleo la tatu, la mwaka 2009, liliiacha themosi na badala yake likachukua joto la moshi unaopotea kwenye bomba na kulirudisha katika maji ya injini.

Sasa hebu turudi Kibarani. Gari hilo lililozaliwa kwa ajili ya theluji limekuja kuishi mahali ambapo mwezi wa Machi, kaskazi inapokaribia kwisha, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hata katika kusi la Julai, wakati mzee wa Mji wa Kale anapojitanda shuka barazani na kulalamika kuwa baridi itamuua, kipimo cha usiku ni takriban nyuzi 20. Je, rimoti hiyo ina kazi gani hapa? Na je, haibridi yataka kupashwa moto asubuhi kama tulivyofundishwa na baba zetu?

Baba zetu walikuwa na sababu. Aliyekuwa na Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa papa hapa Mombasa, alikuwa na kabureta na choki. Alivuta choki, akawasha, akakanyaga mafuta kidogo kidogo, akaliacha lingurume dakika tano au kumi huku akipiga mswaki. Asipofanya hivyo gari lilikuwa likikohoa na kuzimika katikati ya barabara. Lakini gari la leo halina choki. Kompyuta ndiyo inayopima joto la injini na kukisia kiasi cha petroli. Kuliacha likinguruma mahali pamoja ni kuchoma mafuta bure, na tena injini hupata joto polepole zaidi likiwa limesimama kuliko likiendeshwa kwa utaratibu. Ujerumani, nchi ya baridi kuliko yetu, sheria ya barabarani inakataza kabisa kupasha injini moto gari likiwa limesimama.

Kwa haibridi mambo ni ya ajabu zaidi, na hapa ndipo wengi wanapotatizika. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hakuna kishindo. Dashibodi inaandika kuwa gari liko tayari, kisha kimya. Wengine hubonyeza tena wakidhani halijawaka, na hapo ndipo wanalizima! Baada ya sekunde chache injini inanguruma yenyewe, inaendelea kwa muda wa dakika moja hivi, kisha inazimika yenyewe. Simu inapigwa kwa fundi: "Fundi, gari langu lina kichaa."

Halina kichaa. Lile ambalo wewe unaliita joto, injini haiiti joto. Asubuhi ya Mombasa yenye nyuzi 25 ni nzuri kwako wewe, lakini injini hufanya kazi vyema maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 90, kwa hiyo kwake hiyo ni baridi. Isitoshe, ndani ya bomba la moshi mna kichujio cha kusafisha sumu ambacho hakifanyi kazi mpaka kipate mamia ya nyuzi za joto. Dakika ile moja ndiyo ya kukipasha kichujio hicho. Gari linajipasha lenyewe, kwa kiasi linachohitaji, bila kukuomba ruhusa wala msaada. Wewe kazi yako ni kuondoka taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa pupa katika kilomita mbili tatu za mwanzo.

Kwa hivyo, kupasha moto, hapana. Lakini usiitupe rimoti, maana bado hatujafika kwenye adui halisi.

JOTO NDILO MLA BETRI

Baridi hupunguza nguvu za betri ya haibridi kwa muda tu. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika safari fupi za mjini, kipimo kikishuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la kawaida hupoteza kama asilimia 15 ya umbali linaokwenda kwa lita moja, ilhali haibridi hupoteza kati ya asilimia 30 na 34. Hasara hiyo ni kubwa, lakini hali ya hewa ikipata joto, betri hurudia hali yake. Joto kali ni hadithi nyingine. Joto huizeesha betri, na betri iliyozeeka haina dawa ya kuirudisha ujana.

Betri inayosemwa hapa si ile ndogo ya volti 12. Ni ile kubwa, ambayo katika Prius za toleo la pili na la tatu iko nyuma ya kiti cha nyuma. Ina vipande 28 vilivyofungwa pamoja, kila kimoja cha volti 7.2, jumla volti 201.6. Katika Toyota Aqua, gari dogo lililotoka mwishoni mwa mwaka 2011 na ambalo limejaa katika barabara zetu, vipande ni 20 na betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Kipande kimoja tu kikichoka, taa ya hatari huwaka. Fundi atakwambia anaweza kubadilisha kimoja hicho, na ni kweli anaweza, lakini vingine ni rika moja nacho: vimekula chumvi pamoja na vitakufa kwa zamu. Utarudi gereji mara ya pili, na ya tatu.

Nani basi anaipoza betri hii? Ni hewa unayoipumua wewe ndani ya gari. Kuna feni ndogo inayovuta hewa kupitia tundu lenye vyuma vyembamba au plastiki ya matundumatundu, ubavuni au chini ya kiti cha nyuma. Betri inapenda joto lile lile linalompendeza binadamu. Ukiwa wewe watokwa na jasho, nayo yateseka.

Sasa itazame familia ya mjini siku ya Jumapili. Mama amerudi sokoni Kongowea. Kiti cha nyuma kina kikapu cha nazi, gunia la viazi, leso mbili, mkoba wa shule na mtoto aliyelala. Tundu lile limezibwa barabara! Feni inavuta, haipati kitu, betri inachemka, na mwaka ujao baba anaambiwa bei ya betri mpya na kutafuta mahali pa kukaa. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani tundu hilo lilipo. Na mwambie fundi, kila unapobadilisha oili, aifungue feni na kuisafisha, kwani nywele, nyuzi za nguo na vumbi hujikusanya humo kama katika pua ya mtu.

Mahali pa kujaribiwa betri kuliko pote ni pale pale Kibarani. Wakazi wa Mombasa wanapajua. Zamani ukivuka Makupa kwenda Changamwe ulifunga vioo kwa uvundo wa jaa la taka. Jaa lilifungwa, pakapandwa miti na nyasi, na mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa. Hata hivyo malori ya bandarini hayajapungua, na siku yanapokwama, yanakwama. Hapo gari la petroli pekee linanguruma na kunywa mafuta saa nzima. Haibridi inazima injini na kuendesha kiyoyozi kwa umeme wa betri. Betri ikishuka, injini inaamka, inaijaza kwa dakika chache, inalala tena. Usishtuke ukisikia ikiamka na kulala katika foleni. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ila kuna kosa moja ambalo madereva wetu wazoefu ndio wanaolifanya zaidi. Kwa sababu walizoea kupumzisha gia katika foleni, huweka gia kwenye N. Katika haibridi za Toyota betri haijazwi gia ikiwa N, hata injini ikiwa inanguruma. Kaa hivyo na kiyoyozi chako kwa muda mrefu, na gari linaweza kukuishia nguvu mbele ya lori la tani 30 linalokupigia honi. Acha D ukikanyaga breki, au weka P kama foleni imelala usingizi kabisa.

Na kiyoyozi, jamani, kiwashe. Wako wanaokizima ili kuokoa petroli, kumbe wanaokoa shilingi na kuua betri. Kiyoyozi kinachokupoza wewe ndicho kinachoipoza na betri.

Hapa ndipo rimoti ile ya Kijapani inapopata kazi mpya. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa gari lililofungwa vioo juani huongeza kama nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Chukua nyuzi 32 za Mombasa, ongeza 22. Hicho ni chumba cha kuokea mkate, si cha kuketi mtoto. (Na ndiyo maana mtoto haachwi ndani ya gari hata kwa dakika ya kununua maziwa.) Ukiacha kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha ukaamsha gari kwa rimoti dakika tatu kabla ya kutoka, unapunguza adhabu hiyo. Toyota wenyewe walilitambua jambo hili: Prius ya toleo la tatu iliweza kununuliwa ikiwa na paa la kukamata nguvu za jua, la kuendeshea feni gari likiwa limeegeshwa, pamoja na kitufe katika ufunguo cha kuwashia kiyoyozi kwa muda usiozidi dakika 3, kwa betri peke yake, injini ikiwa imelala.

Hata hivyo, mimi naona dawa rahisi ni ile isiyo na betri: egesha chini ya mwarobaini, na kabla ya kupanda fungua milango yote, hewa ya moto itoke, ndipo uwashe kiyoyozi. Njia hiyo ni ya haraka kuliko rimoti yoyote.

KIMYA KINACHOUA

Ewe mzazi, sehemu hii isome mara mbili. Gari la haibridi likiwa tayari na injini imelala, linafanana na gari lililozimwa. Hakuna sauti, hakuna mtikisiko. Mtu anashuka, anafunga mlango, anaingia nyumbani. Dakika chache baadaye betri inashuka na injini inaamka yenyewe. Ikiwa gari limo katika gereji ya nyumba iliyofungwa, au limeegeshwa chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, na haimwashi mtu macho. Ni ile ile inayowaua watu wa bara wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya Julai.

Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya watu 20 walikuwa wamekufa Marekani kwa sababu ya magari ya kuwashwa kwa kitufe yaliyoachwa yakiwa hai katika gereji za nyumbani. Mwaka uliofuata Toyota ikatangaza kwamba magari yake ya mwaka 2020 ya soko hilo yatajizima yenyewe yakiachwa muda mrefu. Usidhani lako linajizima. Na rimoti inaongeza hatari, maana sasa gari linaweza kuamshwa na mtoto wa miaka minne anayecheza kitandani na kidude alichokiokota mezani. Rimoti nyingi hulizima gari baada ya muda uliopangwa, kati ya dakika 10 na 30, lakini dakika 10 za moshi ndani ya gereji iliyofungwa ni nyingi mno. Kama gari lako hulala ndani ya kuta nne, ningekushauri rimoti hiyo itolewe betri zake leo hii.

Wale wa Mji wa Kale hawana gereji za kufunga, lakini wana vichochoro. Pale ambapo bibi anatoka mlangoni na hatua ya pili yuko barabarani, gari linalotembea kwa umeme bila sauti ni hatari ya namna yake. Tuktuk utaisikia tangu mbali, haibridi huisikii mpaka ikuguse. Dereva ndiye anayepaswa kwenda mwendo wa kutembea, na kupiga honi kidogo kwenye kona.

Kisha kuna suala la mafundi. Wako wanaoweza kukufungia rimoti ya kuwashia gari kama halikuja nayo. Kabla hujakubali, fahamu mambo haya. Nyaya zozote za rangi ya machungwa katika haibridi hubeba umeme mkubwa unaoweza kuua, na fundi asiyefundishwa hana ruhusa ya kuzigusa. Pili, kidude hicho hunyonya betri ndogo ya volti 12 usiku na mchana. Betri hiyo ndogo haizungushi injini, kazi hiyo hufanywa na ile kubwa, lakini ndiyo inayoziamsha kompyuta. Ikifa, gari lote limekufa, hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Ndiyo sababu magari mengi yaliyokaa wiki kadhaa melini na yadini hayawaki siku ya kuchukuliwa, na mnunuzi hushikwa na kiwewe. Hapo kinachotakiwa ni umeme kidogo kutoka betri ya gari jingine, kwa uangalifu: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Aliyekosea nyaya anaweza kuunguza kifaa cha kugeuzia umeme, na hicho si cha bei ya kitoto. Na jirani mwenye lori akikuomba umsaidie kuliamsha kwa betri ya haibridi yako, mnyime kwa maneno mazuri.

Iko safari moja ambayo rimoti ya Hokkaido itakufaa kama ilivyokusudiwa. Ni siku utakapowapeleka watoto kumwona nyanya yao Limuru au Nyahururu, ambako Julai alfajiri pumzi huonekana kama moshi na kioo kimejaa umande mzito. Liegeshe gari uani, mahali pa wazi, uelekezo wa hewa ukiwa kwenye kioo, ubonyeze ukiwa ndani na kikombe chako cha chai. Injini itaamka mara moja na haitalala upesi, kwa sababu joto la ndani ya gari hutoka kwenye maji ya injini. Ukiteremka kwenda mjini na kuona petroli inakwisha kuliko Mombasa, punguza kipasha joto, wavalishe watoto masweta, na utaisikia injini ikizimika kwenye taa za barabarani kama ilivyozoea.